Nambari Inayojiandika

Inspekta Stambuli aliambiwa avue viatu mlangoni.

"Vumbi, Inspekta," alieleza Bwana Katana, mhasibu mkuu wa kiwanda cha chumvi, ambaye tayari alikuwa amevaa ndara safi za buluu. "Kompyuta haipatani na vumbi. Wala na chumvi."

"Mmenunua mashine isiyopatana na chumvi, mkaileta kiwanda cha chumvi."

"Ndiyo maana tumeijengea chumba chake."

Na chumba kilikuwa chumba kweli. Nje, Marereni ilikuwa imeshaanza kuchemka asubuhi hiyo ya Januari, vibarua wameinama kwenye vidimbwi na jua likiwapiga migongoni. Humu ndani mtambo wa baridi ulinguruma ukutani ili mashine isione joto. Stambuli alizoea kuvua viatu msikitini na nyumbani kwa wakwe zake. Kuivulia viatu kompyuta lilikuwa jambo geni, na lilimjia siku ambayo soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Akavua. Hakuwa na wakati wa kugombania soksi.

Saa sita mchana Landrova ya polisi ingeondoka kwenda mahakama ya Malindi na mtu mmoja nyuma, na mtu huyo asingepakiwa bila sahihi ya Stambuli. Aliitwa Kitsao, kibarua wa kukusanya chumvi, kijana wa Marafa. Usiku wa kuamkia juzi pampu mpya ya kuvutia maji ya bahari ilikuwa imeibwa, na mlinzi, Mzee Kiponda, akaokotwa kando ya barabara ya kiwanda kichwa kimepasuka. Mzee alilazwa Malindi, hajatoa neno la maana. Ndani ya nyumba ya pampu paliokotwa gambuti moja la mpira, la mguu wa kulia, lenye nambari ya rangi nyeupe kisiginoni: 118. Kompyuta ilipoulizwa 118 ni nani, ikasema Kitsao. Kwa polisi wa kituo kidogo cha Marereni kesi ilikuwa imekwisha hapo. Mzee akifa, itakuwa kesi ya mauaji, na kwa mauaji mtu hunyongwa.

"Karatasi si unayo tayari?" Katana aliuliza. "Nilimpa koplo wako."

Stambuli aliinua karatasi yenye vitundu kandokando. "Ninayo. Nimekuja kumwona aliyeiandika."

"Hakuna aliyeiandika. Imetoka kwenye kompyuta."

"Hata risasi hutoka kwenye bunduki, Bwana Katana. Bado huwa tunamtafuta mtu."

Msichana aliyeketi mbele ya mashine alisimama. Alivaa buibui, mtandio ameuteremsha mabegani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Jina lako?"

"Kaltuma. Mimi ni wa Mambrui. Ndimi ninayeitia majina."

"Basi endelea na kazi yako kama kila siku. Mimi nitatazama."

Kaltuma alibonyeza swichi. Mashine ikakoroma, ikalia kidogo, kioo kikawaka herufi za kijani. Fomu tupu ikajitokeza, visanduku vimepangwa kimoja chini ya kingine: nambari, jina, kwao, kazi, tarehe. Kaltuma aliandika neno moja, *Bismillahi*, akabonyeza, akangoja, kisha akalifuta na fomu ikawa tupu tena. Stambuli aliyasoma hayo akaitikia kimoyomoyo. Lilikuwa jambo la kwanza kumpendeza tangu avue viatu.

"Sasa nionyeshe huyo Kitsao aliandikwaje."

"Stoo iko hapo, ng'ambo ya kidirisha hicho, Ami. Mtu wa stoo alishapiga rangi nambari kwenye magambuti yote, moja mpaka mwisho, akayapanga. Watu wakapiga foleni. Mtu akifika, anapewa jozi iliyofuata, nami naandika jina lake."

"Na nambari ya gambuti."

"Nambari haiandikwi. Inajiandika."

Stambuli alimtazama. "Nani anaiandika?"

"Yenyewe."

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima."

"Anasema kweli," Katana aliingilia, sauti yake ya mwalimu kwa mtoto mzito. "Kila anayeingizwa, kompyuta humpa nambari inayofuata. Moja, mbili, tatu. Karani hagusi, ndiyo hawezi kukosea. Na kwa kuwa magambuti nayo yamepangwa moja, mbili, tatu, niliamua nambari ya mtu ndiyo iwe ya gambuti lake. Kwa nini tuandike mara mbili? Vitabu vya zamani vya stoo nimevichoma vyote. Vilikuwa aibu."

"Umevichoma."

"Kompyuta haikosei, Inspekta."

Alikwisha kulisema hilo kwenye simu jana, na kwenye taarifa yake kwa polisi amelisema mara mbili. Ngoma ikivuma sana, aliwaza Stambuli, na methali akaiachia hapo.

"Niandike mimi," akamwambia Kaltuma.

"Wewe, Ami?"

"Inspekta, hii si mashine ya mchezo," alisema Katana.

"Nami sichezi. Niandike. Anza na nambari, weka tisa."

Kaltuma alibonyeza tisa. Mashine ikapiga mlio wa hasira. Akabonyeza tena, ikalia tena.

"Haikubali. Kisanduku hicho kimefungwa. Nikifungua fomu, kijimstari hiki kinachokonyeza kinaanzia kwenye jina." Akaandika jina, Stambuli, kwao, Malindi, kazi, akasita.

"Andika mzee wa kusumbua watu."

Akaandika polisi. Alipobonyeza mara ya mwisho, tarehe ikajijaza, na kisanduku cha juu, kile kilichofungwa, kikajijaza nacho. 243.

Stambuli alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. "Kiwanda kina wafanyakazi wangapi, Bwana Katana?"

"Mia moja tisini na sita. Kompyuta huwahesabu kila Ijumaa."

"Basi mimi ni wa mia moja tisini na saba."

Katana alikitazama kioo naye. "Wapo walioacha kazi."

"Mnawafuta?"

"Hatufuti mtu," alijibu Kaltuma. "Anayeacha anatiwa alama. Anabaki humo, na anahesabiwa."

"Basi nifute mimi."

Akamfuta.

"Niandike tena, vile vile."

Akamwandika. Kisanduku kikajijaza: 244.

"Mimi ni yule yule," alisema Stambuli. "Jina lile lile, soksi ile ile. Mia mbili arubaini na tatu imekwenda wapi?"

"Imepotea, Ami. Ikishatoka hairudi."

"Ndivyo ilivyoundwa," alisema Katana. "Ili nambari moja isije ikapewa watu wawili. Ni usalama. Fundi wa Mombasa alitueleza. Na kabla hamjaanza kutia shaka, siku ya kwanza fundi mwenyewe ndiye aliyeandika watu, nami nikalinganisha magambuti yote ya siku hiyo na kompyuta. Arubaini. Hata moja halikukosea."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili ya nini? Yakilingana arubaini, yamelingana."

Stambuli aliwahi kuwahoji wezi wa ng'ombe, waganga wa uwongo na mabibi harusi waliotoroka, na wote, hata wale waliomdanganya, walikuwa wameelewa swali. "Nataka orodha nzima. Kila jina, nambari yake na tarehe yake."

"Itachukua saa nzima kuchapwa."

"Nina mpaka saa sita."

Mashine ya kuchapa ilianza kupiga kelele za kukwaruza meno. Stambuli akavaa viatu, akatoka.

Kituo cha polisi kilikuwa hatua chache nje ya lango la kiwanda: chumba kimoja, meza moja, mahabusu moja. Kwenye ngazi aliketi Mbeyu, mke wa Kitsao, na sufuria iliyofunikwa kwa leso mapajani. Alimwinukia kila mwenye viatu vyeusi aliyepita.

"Baba, ndiwe utakayempeleka Malindi?"

"Bado sijampeleka mtu mahali."

"Hajala tangu jana. Wanasema chakula ni mpaka afande aseme."

"Afande amesema. Mpelekee."

Ndani, Koplo Adhiambo alikuwa ameweka gambuti mezani juu ya gazeti. Alitoka Kisumu, alikuwa na miezi mitatu tu pwani, na alikuwa koplo pekee ambaye Stambuli aliwahi kumpata maishani mwake anayepekua kabla ya kuambiwa.

"Nimezunguka vidimbwi vyote, afande," alisema. "Nimewainua vibarua miguu mmoja mmoja kama farasi. Nilitaka kuona kama nambari zao zinafuatana na hiyo karatasi."

"Na?"

"Hakuna hata mmoja aliye na nambari. Zimeliwa na chumvi. Hata ukubwa hausaidii. Kampuni iliagiza saizi moja, tisa. Wenye miguu midogo wanajazia vipande vya gunia ndani."

"Saizi moja kwa kiwanda kizima."

"Ilikuwa bei nafuu, waliniambia."

Stambuli aliomba Mungu ampe subira, akamwita Kitsao. Kijana alitoka mahabusu akipepesa macho. Alikuwa na magambuti mawili miguuni, kushoto na kulia, na yote mawili yalikuwa yamepauka mpaka mpira wake umekuwa na ukungu mweupe.

"Haya ni yako?"

"Ni yangu, bwana. Nimepewa haya, nimevaa haya. Mino mwenyewe sina gambuti la tatu."

"Wanasema hayo umeyaiba kwa mwenzako baada ya kupoteza lako."

"Aliyeibiwa yuko wapi? Si angelia?"

Askari wa zamu alicheka. Stambuli hakucheka, maana hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angepaswa kuwa ameliuliza jana kwenye simu. "Nambari yako ilikuwa ngapi?"

"Sikusoma, bwana. Nilipewa, nikavaa, nikaingia majini."

"Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu atakwambia, lakini ninyi mke hamumwamini. Bwana, huyo mzee ni jirani yangu. Tunachota maji kisima kimoja. Nimpige kwa nini?"

Stambuli aliliinua gambuti la mezani, akalipeleka dirishani, akalilinganisha na lile la mguuni mwa Kitsao. Rangi ya 118 ilikuwa mbichi, nyeupe, kingo za tarakimu zimekaa sawasawa. Mpira wake ulikuwa mweusi unaong'aa. Soli ilikuwa imelika, lakini kwa vumbi la barabara.

"Koplo, magambuti yaligawiwa lini?"

"Novemba. Yote yalitolewa wiki moja."

"Na hili hapa limeingia maji ya chumvi mara ngapi?"

Adhiambo aliinama, akanusa, akakwaruza kwa ukucha. "Halijaingia, afande."

"Sasa huyu anayeshinda kwenye vidimbwi kutwa, amewezaje kuliweka hivi?"

"Nimeona hiyo rangi tangu jana," alisema koplo, na hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe. "Nikasema ni bahati, nambari inasomeka."

"Nani wengine walipewa magambuti nao hawaingii majini?"

"Madereva. Mtu wa stoo. Fundi wa pampu. Walinzi. Hata Bwana Katana alichukua jozi yake. Kila mtu alipiga foleni."

"Kufuli la nyumba ya pampu?"

"Lilifunguliwa kwa ufunguo. Halina mkwaruzo. Funguo ni mbili. Mmoja anao Bwana Katana, wa pili ulikuwa kwenye meza yake ofisini na umepotea. Anasema Kitsao alitumwa ofisini siku ile, akauiba."

"Nilitumwa mafuta ya taa," alisema Kitsao. "Nikapewa mlangoni. Ndani kuna baridi, hatuingii."

Stambuli alitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama, kisha ya mkononi, ambayo ilikuwa ikienda mbio. "Mpe maji. Halafu, koplo, njoo na taarifa zote. Na uje na soksi nzima, tunarudi kwa kompyuta, yule bibi harusi wao."

Walivua viatu tena. Orodha ilikuwa imelala sakafuni, karatasi ndefu isiyokatwa. Katana alikuwa ameketi akipunga mguu mmoja uliobeba ndara.

"Natumaini sasa umeridhika. Kitsao, 118. Haijabadilika."

Stambuli alipiga magoti sakafuni, akaanza kusoma kwa kidole, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Thelathini na tisa. Arubaini. Arubaini na mbili.

"Arubaini na moja hayupo."

"Mambo ya ndani ya mashine," alisema Katana.

Sabini na tano, sabini na saba. "Sabini na sita hayupo." Mia moja na mbili, mia moja na nne. "Mia moja na tatu hayupo. Koplo, soma tarehe. Arubaini?"

"Novemba tarehe kumi na saba."

"Arubaini na mbili?"

"Kumi na nane."

"Sabini na tano na sabini na saba?"

"Kumi na nane, na kumi na tisa." Adhiambo alishapiga magoti naye. "Mia na mbili ni kumi na tisa. Mia na nne ni ishirini. Afande, kila siku ikibadilika nambari moja inaliwa."

"Na tarehe hii nayo inajiandika, mwanangu?"

"Inajiandika, Ami."

"Basi angalau kuna kitu kimoja humu ambacho hakuna aliyekichoma." Stambuli aliinuka, magoti yakilia. Kila asubuhi mashine hii ilikuwa ikimpa mtu nambari, na mtu huyo hakuwa na gambuti, hakuwa na jina, hakuwa popote. Siku ya kwanza, siku ya fundi, hakuwepo. Baada ya hapo hakukosa hata asubuhi moja. Alifika kabla ya wote, tena kabla ya kibarua wa kwanza kwenye foleni.

Na leo pia alikuja. Stambuli alikuwa amesimama hapa hapa na soksi yake, akamwona kwa macho yake mawili, akamwitikia.

"Kaltuma," alisema, na sauti ilikuwa ya chini, "asubuhi ulipoiwasha, uliandika neno."

"Niliandika Bismillahi."

"Kila siku?"

"Kila siku, Ami, tangu aliponiachia fundi. Chuoni Mambrui tulifunzwa: ubao hauandikwi kitu kabla ya jina la Mungu. Nalipokuwa kwenye vitabu nikiliandika juu, pembezoni, kila ukurasa. Lakini hii haina pembezoni. Haina juu. Kila mahali ni visanduku. Basi nikaliandika kwenye jina, maana ndicho kisanduku cha kwanza kinachokubali, nikaliweka. Kisha nikalifuta, kwa adabu. Si vizuri jina la Mungu likae orodha moja na watu wa gambuti."

Mtambo wa baridi uliendelea kunguruma.

"Ukaliweka," alirudia Stambuli. "Likapewa nambari."

"Nalilifuta."

"Na nambari ikishatoka hairudi."

Kaltuma alielewa. Aliweka mkono mdomoni, na macho yakamjaa. "Yule kijana yuko ndani kwa sababu yangu."

"Upumbavu gani huu?" Katana alikuwa amesimama. "Kompyuta ya bei yote hiyo, mtu anaifanya msahafu! Umefukuzwa kazi. Sasa hivi."

"Keti," alisema Stambuli.

"Hii ni ofisi yangu."

"Na ile mahabusu ni yangu. Keti. Msichana alifanya kazi aliyofundishwa na kila aliyewahi kumfundisha. Wewe ndiye uliyeipa nambari moja kazi mbili. Nambari ya mashine iwe ya mashine. Ya gambuti ungeipa kisanduku chake, karani aisome kisiginoni na kuiandika kwa mkono wake. Ungekosa wino kiasi gani? Halafu ukachoma vitabu." Alifuta uso kwa kitambaa, ingawa chumba kilikuwa na baridi. "Nawe, mwanangu, usilie. Bismillahi haina kosa. Kesho iseme kwa mdomo, Mungu anasikia. Mashine ndiyo haisikii."

Adhiambo alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. "Kufika mia na kumi na nane zimeliwa nambari tatu. Kwa hivyo Kitsao, ambaye mashine inamwita 118, alipewa gambuti 115."

"Na aliyepewa gambuti 118?"

"Mashine inamwita 121."

Kidole cha Stambuli kilishuka kwenye karatasi mistari mitatu. Alisoma, akasoma tena, kisha akaketi sakafuni kabisa, mzee mzima, miguu ameinyoosha.

"Afande?"

"Soma mwenyewe. Kwa sauti."

"Mia moja ishirini na moja," alisoma koplo. "Kiponda Dzombo. Kwao Marereni. Kazi, mlinzi."

Siku mbili. Kwa siku mbili kijana alikuwa amefungiwa kwa ajili ya kiatu cha mtu aliyepigwa. Stambuli alitaka kumpigia mtu kelele na hakujua aanze na nani. "Taarifa ya waliomwokota mzee. Inasemaje juu ya miguu?"

Adhiambo alipekua. "Jeraha la kichwa, upande wa kushoto. Shati lina damu. Alifungwa turubai, akapakiwa lori la chumvi." Aligeuza ukurasa. "Hakuna miguu, afande."

"Alikuwa nayo lakini."

Katana alicheka, kicheko kifupi cha kupumua. "Basi ni hivyo. Kiatu cha mlinzi kwenye nyumba ya pampu. Kuna ajabu gani? Ni mlinzi. Kompyuta ilisema kweli, tatizo ni karani. Mtafute mwizi mwingine."

Stambuli alisogea kwenye simu, akazungusha kipini chake cha pembeni.

"Malindi. Nipe hospitali." Alingoja. "Ndiyo, hospitali. Si hoteli. Hos-pi-ta-li." Alingoja tena. "Dada, mimi sitaki chumba cha watu wawili. Nirudishe kwa opereta." Alifumba macho. Mara ya tatu ilipokea sauti ya mwanamke, nesi aliyejitaja kuwa Priscilla, wa wadi ya wanaume.

"Sista, kuna mzee wenu, Kiponda, wa kiwanda cha chumvi. Alipofika alikuwa na viatu vingapi?" Akasikiliza. "Kimoja. Cha kushoto. Kina nambari? Hebu kitazame, nitangoja." Chumba kizima kilingoja naye. "Mia moja kumi na nane. Ahsante. Kwa nini hakuna aliyetuambia?" Akasikiliza, na taratibu akaugeukia ukuta. "Ameamka lini? Jana jioni? Sista, tumeambiwa hajatoa neno la maana." Akasikiliza tena. "Nimekuelewa. Anaulizia kiatu chake, mkadhani anaweweseka."

Aliziba simu kwa kiganja. "Tangu jana jioni mzee anadai gambuti lake la kulia," aliwaambia. "Wamemchoma sindano ya usingizi anyamaze."

Kaltuma alisema neno la dua kwa sauti ya chini.

"Sista, muulize kilimtoka wapi. Ndiyo, sasa hivi. Nangoja."

Katika kule kungoja alimtazama Katana. "Bwana Katana, kwenye taarifa yako umesema mlinzi hakuwa na ufunguo wa nyumba ya pampu."

"Hana. Hukaa nje. Ndiyo amri yangu."

"Na kiatu chake kilikuwa ndani."

"Mwizi alimburuta ndani."

"Mwizi amburute mtu ndani, kisha amtoe tena amtupe barabarani? Huyo ana nguvu za bure." Stambuli alihamisha simu sikio la pili. "Mimi nimelinda sana usiku, ujanani. Mlinzi haingii kwenye chumba kimoja na mwizi. Hupiga kelele nje, au hukimbia. Mlinzi huingia ndani akiitwa. Tena akiitwa na mtu ambaye lazima amwitikie." Simu ikakoroma. "Ndiyo, sista. Aliingia kumshikia mtu taa. Kiatu kikamvuka mguuni alipokuwa akiburutwa kutolewa nje. Saizi tisa, ndiyo, kinampwaya. Hapana, usimuulize jina. Jina la mtu silichukui kwa simu. Mwambie asilale, nakuja kulichukua kinywani mwake. Na sista, mpe kiatu chake cha kushoto akishike. Cha kulia ninacho mimi."

Akarudisha simu mahali pake.

"Koplo, mtoe Kitsao. Aende nyumbani na mkewe, na mwambie..." Aliivuta ile orodha ndefu, akaanza kuikunja. "Mwambie nimesema pole."

"Sawa, afande."

"Ufunguo wako, Bwana Katana. Ule usiopotea. Uweke hapo mezani."

Kiti cha mhasibu kilikuwa kitupu na ndara mbili za buluu zilikuwa chini yake, moja imepinduka. Katana alikuwa ameinama mlangoni, mahali vilipopangwa viatu, akijaribu kufunga kamba za viatu vyake vyeusi. Alikaza kamba, ikateleza, akakaza tena.

Stambuli alimwendea na soksi zake, akasimama juu yake mpaka Katana akainua uso.

"Usijisumbue kwa haraka," alimwambia. "Landrova ni ya saa sita, na kwa mtu mmoja. Hatujabadilisha idadi."